Siku Moja Maishani Mwangu: Kodi Ninayoilipa kwa Saa

Saa kumi kamili alfajiri simu ilitetemeka chini ya mto. Siiachi ilie, kwa kuwa mtoto akishtuka halali tena.

Saa kumi na nusu nilikuwa kituoni pamoja na watu ninaowajua kwa sura tu: wafagizi, walinzi, wapishi na wauguzi wenzangu, watu ambao mji haufunguki bila wao, lakini hauna chumba wanachokimudu. Basi la kwanza lilikuwa limejaa, kwa hiyo nililala kwa kusimama, mkono mmoja ukishika bomba na mwingine ukiukumbatia mkoba wenye viatu vya kazini.

Saa moja kasorobo nilifika hospitalini, na saa moja nikapokea zamu.

Saa sita, tulipopumzika, mwenzangu mgeni aliniuliza kwa nini sihamii karibu. Mwaka 1964 mwanauchumi wa miji, William Alonso, alieleza kwamba bei ya ardhi hushuka kadiri unavyosogea mbali na kitovu cha kazi, na kwamba kila kaya hupima nafasi inayoipata dhidi ya gharama ya safari. Hoja hiyo naikubali, ila mwenye mshahara mdogo hapimi chochote. Anasukumwa hadi pale kodi inapomruhusu kusimama. Isitoshe, kanuni iliyozoeleka ya kutotumia zaidi ya asilimia 30 ya kipato kwa makazi haihesabu nauli, nami nauli hunilia sehemu kubwa ya kile ninachodhani nimekiokoa.

Zamu huisha saa tisa, lakini kukabidhi wagonjwa kulinichukua nusu saa zaidi. Nikiwa njiani nilimpigia mwenye chumba kilicho mtaa wa pili kutoka hospitalini. Chumba kipo, alisema, ila anataka kodi ya miezi mitatu mkononi kabla ya kutoa ufunguo. Nilimshukuru, nikakata simu. Vilibaki vituo kumi na vinne.

Mwaka 1994 mwanafizikia wa Italia, Cesare Marchetti, aliandika kwamba binadamu huelekea kutumia takriban saa moja kwa siku safarini. Zangu ni tano, yaani 25 kwa juma la kazi, na hakuna anayezilipa.

Saa kumi na mbili na robo jioni niliingia nyumbani. Mtoto alinisomea ukurasa mmoja wa kitabu chake, na kabla hajaugeuza nilikuwa nimeshasinzia.