Cherehani ya Bibi Haina Zebaki

Kijana aliingia kwenye kibanda changu cha ushonaji hapa Majengo, Dodoma, kwa adabu zote. Shikamoo mama, marahaba mwanangu, naomba kuiona ile Singer. Ni cherehani nyeusi ya mkono, nimeirithi kwa bibi mzaa mama kule Mpwapwa. Akatoa simu, akampigia mwenzake, kisha akaisogeza polepole hadi kwenye sindano. Eti simu ikikata, ndani kuna zebaki nyekundu, na hapo tunaongea mamilioni.

Haikukata. Yaani ilikata baadaye, salio lilipoisha.

"Mama, hizi hazikutengenezwa za kushonea," akaniambia kwa sauti ya chini. "Wazungu walikuwa wanasafirishia zebaki ya mabomu. Kushona ilikuwa geresha."

Jamani! Geresha iliyosomesha watoto saba?

Uvumi huu si wa Dodoma peke yake. Mwaka 2009 ulizuka Saudi Arabia, watu wakazigombania Singer kuukuu kwa bei za ajabu mpaka polisi wakatoka kukanusha. Zebaki nyekundu yenyewe hakuna aliyewahi kuithibitisha. Zebaki ya kweli ni ya rangi ya fedha, ile wachimbaji wadogo wanayokamatia dhahabu, na kwenye cherehani haina kazi. Mimi hii nimeifungua mara nyingi kuliko ninavyofungua kabati langu. Ndani utakuta vyuma, mafuta yaliyoganda, na vumbi la nyuzi lililoshikana kama manyoya ya kifaranga. Namba yake imegongwa kwenye chuma cha kitako, inaanza na EE: ni ya kiwanda cha Clydebank, Uskoti, miaka ya 1940. Kiwanda chenyewe kilifungwa 1980, yeye bado anapiga pindo.

Aliyemtangulia kijana huyu, miaka miwili nyuma, alinifanya nikasirike kweli. Aliomba "kukagua" wakati nimeenda kununua vifungo, akafungua kibati cha chini ya sindano, akaondoka na skrubu moja. Nilizunguka kwa mafundi siku tatu nikiitafuta ya kufanana. Za siku hizi haziingii.

Basi kijana akahamia kwenye pasi ya mkaa. Umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi, nimeiwasha. Macho yake kwa yule jogoo wa mbele: hiyo ndiyo alama, akasema, yenye jogoo ndiyo yenye mali. Nikamwita asogee. Nikashika kitambaa, nikamzungusha jogoo shingo, mfuniko ukafunguka, moshi ukatutoa wote machozi. Huyo jogoo ni komeo, mwanangu. Amesimama pale juu ili usiunguze vidole ukitaka kuongeza mkaa.

Hakuridhika. Akauliza kama bibi aliacha rupia ya Mjerumani, ile wanayodai ina nguvu ya kuvuta punje za mchele. Ninayo moja, ina kichwa cha Kaiser Wilhelm mwenye kofia ya tai. Ni ya madini ya fedha, gramu 11 na ushee. Ilikuwa hela ya kununulia chumvi na nguo kama hela nyingine. Niliwahi kuiweka juu ya sahani ya mchele, nakiri. Mchele ulitulia tuli, nikaupika.

Akakaa kwenye benchi, amenyong'onyea. Shati lake lilikuwa limekunjamana kwa safari ya bodaboda, na pasi ilikuwa imeshapata moto. Nikamwambia avue. Nimemnyoshea mpaka kola, nikamtoza shilingi 500.