Mshale umepanda hadi H, nikaambiwa gaskit, kumbe ni sensa

Gari yenyewe ni Datsun 160J ya marehemu baba, aliinunua kwa ajili ya Safari Rally, ile miaka Shekhar Mehta anashinda mara nne mfululizo na Datsun, 1979 mpaka 1982, na hata leo nikipita nayo Majengo kuna wazee lazima waje waguse boneti. Kwa hivo hii gari siichezei. Siku mshale wa temprecha ulipopanda hadi H, yaani moto, nikiwa kwa foleni ya feri Likoni moyo ulinipasuka, nikazima hapo hapo na vijana wakanisaidia kuisukuma kando.

Fundi wa kwanza alitazama mshale tu akasema gaskit ya hedi, ile inayoziba kati ya hedi na bloku ya injini, imekwenda, tufungue. Hata mpira wa rejeta hakuushika. Nikamwambia nitarudi, maanake kuna mambo hayakuniingia akilini, maji hayajapungua, oili kwenye kijiti ni safi haijawa kama chai ya maziwa, rejeta haitokoti. Halafu kesho yake asubuhi, injini imelala usiku kucha baridi kabisa, nafungua swichi bila hata kupiga stata naona mshale unapanda wenyewe mpaka nusu. Injini baridi nusu ya nini?

Jirani yetu alikuwa fundi wa stima za magari miaka mingi, mimi namwita ami. Akaniambia, "Mwanangu, usiulize mshale, uliza waya. Chomoa wa sensa kisha nambie."

Sensa kwenye injini hii iko mbele, kwenye nyumba ya thamostati, ule mlango wa maji unaofunguka injini ikipata moto. Ni kidude cha shaba kinachopima moto wa maji, chenye waya mmoja tu, athi yake, yaani njia ya stima kurudi, inapitia kwenye nyuzi zake mpaka kwa chuma cha injini. Nikachomoa waya swichi ikiwa wazi, mshale ukashuka C, yaani baridi. Nikaugusisha ule waya kwa chuma sekunde mbili hivi, usizidishe geji itaungua, ukaruka H. Basi waya mzima na geji nzima. Ingekuwa waya umechubuka unagusa bodi, mshale ungebaki juu hata baada ya kuchomoa. Geji ya mafuta nayo ilikuwa sawa, na hiyo muhimu kwa sababu kwenye Datsun hizi geji zote mbili zinakula stima kutoka kwa regulata moja, kidude cha kusawazisha stima, zikiharibika pamoja ndio ushuku regulata.

Nikanunua sensa mpya, lakini kabla ya kuifunga nikazichukua zote mbili jikoni. Sufuria kuukuu, sensa inaning'inia kwa waya isiguse chini, ncha ndani ya maji na kichwa kikavu, mita kwenye omu, yaani kipimo cha ukinzani wa stima, mguu mmoja kwa kichwa mwingine kwa mwili wa sensa. Sensa hizi zikiwa baridi omu ziko juu, zikipata moto zinashuka. Mpya ilianza 400 na kitu, ikateremka pole pole bila kuruka mpaka 40 na kitu maji yalipotokota. Ya zamani kwenye maji ya bomba tu ilisoma chini ya 100, yaani inaiambia geji injini ina moto wakati haina, halafu nikiigonga kidogo namba zinarukaruka. Raha ya kupima huku pwani ni maji yanachemka digrii 100 kamili, Nairobi ni kama 95 hivi, kwa hivo hata bila thamomita unajua uko wapi.

Ncha ya ile ya zamani ilikuwa imevaa chokaa nyeupe na kutu ya kijani. Hiyo ni kazi ya maji ya kisima, jamani maji ya chumvi msitie kwa rejeta, tieni kulanti na maji ya betri, yale safi yasiyo na chumvi, si asidi, nawaomba sana.

Kufunga ni injini ikiwa baridi, kifuniko cha rejeta usikifungue kabla, nikatoa maji kidogo yashuke chini ya sensa. Ile nyumba ni alumini, kwa hivo nikaanza kwa vidole kwanza, spana mwisho kabisa na kwa upole. Tepu nyeupe ya mafundi bomba sikuizungusha nyingi kwa sababu ikijaa inakata athi na mshale unalala C wakati injini inaungua, na huo ndio uongo mbaya kuliko wote. Nikapima tena omu kutoka mwili wa sensa hadi kwa betri negativu, karibu sufuri. Nikajaza maji, nikaiacha inguruma kifuniko kiko wazi mpaka mapovu yakaisha na mpira wa juu ukapata moto, hapo thamostati ishafunguka.

Jumamosi nikampakia mama tukapanda Mazeras mpaka Mariakani, malori mbele yetu, jua la saa saba. Mshale ulikaa chini kidogo ya nusu, haukutikisika. Mama akauangalia, akasema, "Hapo ndipo babako alipokuwa akiuweka."