Boti niliyoisikia kabla sijaiona

Jumapili maji yalikuwa yamekupwa tukaenda na binamu kuogelea Nyali, nikazama na ile miwani yangu ya mtumba kuchungulia samaki kwa mwamba, mara nasikia injini ya boti, drrrrr, yaani kama iko juu ya kichwa changu. Nikaibuka mbio. Hakuna kitu! Boti yenyewe iko huko mbali nje ya mwamba, inajiendea.

Na kilichonichanganya zaidi, ile sauti haikuwa na upande. Kumbe ndani ya maji sauti inakwenda kama mita 1,500 kwa sekunde, zaidi ya mara nne kuliko hewani, sasa inafika masikio yote mawili karibu wakati mmoja, ubongo unashindwa kujua imetoka wapi. Ami yangu mvuvi alinicheka tu, ati "Wewe hukujua? Sie tukitaka mzamiaji apande twagonga mashua na kafi, yuaja."

Basi nikaanza kusoma usiku kucha. Kule bahari kuu, ukishuka maji yanapoa, sauti inapunguza mwendo, halafu ukizidi kushuka uzito wa maji unaikazanisha tena. Kwa bahari za joto kama yetu, kwenye kina cha mita 1,000 hivi ndio inakwenda polepole kuliko kote, na sauti kawaida yake hupindia pale penye mwendo mdogo. Ikipanda inarudishwa chini, ikishuka inarudishwa juu, hivyo haigusi mchanga wala mawimbi, mahali inapopoteza nguvu. Kama maji kwa mfereji. Hasa sauti nzito nzito, zile nyembamba zinachoka mapema.

Mwaka 1960 walilipua baruti baharini karibu na Perth, Australia, ng'ambo ya bahari yetu hii hii, ikasikika Bermuda kule Atlantiki, karibu kilomita 20,000, baada ya masaa 3 na dakika 40 hivi. Wallahi nilisoma hiyo mara mbili.

Binamu sasa anauliza, kwa hivyo tukigonga mashua ya ami watasikia Lamu? Wapi bana, hapa ndani ya mwamba kina ni kifupi, sauti inajigonga chini na juu mpaka inakufa. Lakini Jumapili ijayo tunapima inafika wapi, mimi nagonga, yeye anazama.