Vipepeo wawili wa chungwa walivyonizungusha Iyumbu

Nilipouliza namna ya kuwatofautisha vipepeo wawili wanaofanana, kila anayejifanya mjuzi wa vipepeo hapa Dodoma aliniambia neno lilelile: "Angalia rangi." Rangi ipi? Danaus chrysippus na jike wa Hypolimnas misippus wote ni wa chungwa, ncha za mabawa nyeusi zenye mabaka meupe. Danaus ana sumu anayoipata kwenye utomvu wa mimea anayokula akiwa kiwavi. Misippus hana sumu yoyote, anavaa tu nguo za mwenzake ili ndege wamwache. Ndege mwenye njaa anadanganyika, mimi ndiyo niangalie rangi!

Mwingine akaja na lake: anayeruka polepole ndiye Danaus. Basi mvua za Desemba zilipoanza nikaingia vichakani Iyumbu saa sita mchana, na wavu niliotengeneza kwa chandarua chakavu na waya wa antena. Wote polepole! Misippus anaiga hata mwendo, mbio anazikumbuka ukishamtisha, na hapo humwoni tena. Migunga ikanichana suruali. Vijana wachunga mbuzi wakakaa chini kabisa wapate kutazama vizuri, mpaka mmoja akaniuliza kwa heshima zote, "Shikamoo mzee, umepoteza nini?"

Wavu nikaugeuza kichujio cha maji. Sasa natoka alfajiri, vipepeo wangali na baridi, mabawa wameyafunga, na simu yangu ya bei ya kawaida inawapiga picha bila taabu. Nahesabu madoa meusi kwenye bawa la nyuma. Danaus ana matatu katikati, dume huongeza la nne; misippus ana moja tu, ukingoni mbele. Wapo Danaus wasio na ncha nyeusi kabisa, na misippus kawaiga hata hao, ila madoa yalimshinda.

Ujanja ninaojivunia zaidi ni kumvizia jike anayetaga. Napindua ndoo, nakaa. Akienda kwenye ule mti wa majani mapana ya kijivu, ukiuvunja unatoa maziwa, huyo ni Danaus. Akishuka kupapasa kile kimboga cha majani manene kinachotambaa chini, nimemkamata mwigaji.

Dume wa misippus usihangaike naye: mweusi, mabaka meupe yenye mng'ao wa zambarau, ukimfukuza anarudi palepale. Ila usimwambie mjuzi wa rangi kwamba huyo ndiye mume wa yule wa chungwa, mtabishana hadi magharibi.