Waangalieni Ndege, Hata Siku ya Kazi

Masomo ya wiki: Mathayo 6:25-34 na Zaburi 104

Wapendwa, watu walioambiwa "Waangalieni ndege wa angani" hawakuwa mapumzikoni. Anzeni kusoma Mathayo 6 kutoka mstari wa 25, mtaona kwamba Bwana Yesu alikuwa akisema na watu waliosumbukia chakula, kinywaji na mavazi, mahitaji ya siku ile ile. Hakuwaambia wamalize shughuli kwanza ndipo watulie watazame. Aliwaagiza watazame wakiwa bado na masumbufu yao. Kwa hiyo mwenye wiki iliyojaa asidhani agizo hili ni la wenye nafasi. Yeye ndiye mlengwa hasa.

Wengi wetu tumeutengea uumbaji wa Mungu siku maalumu: siku ya safari, ya kupanda mlima, ya kukaa ufukoni. Siku hiyo isipopatikana, miezi inapita hatujatazama kitu alichokiumba, na huku kwenye ufa wa ukuta tunaopita kila asubuhi pameota mmea. Kumbukeni inavyosemwa juu ya Sulemani katika 1 Wafalme 4:33, kwamba alinena habari za miti kuanzia mwerezi wa Lebanoni hadi hisopo uotao ukutani. Hekima ya Mungu ndani yake haikukidharau kimmea cha ukutani.

Wiki hii chagua mahali pamoja tu, na pawe mahali unapopita au unapokaa kila siku hata bila kupanga. Dirisha moja linatosha. Mti wa karibu na unaposubiri usafiri unatosha, au ukingo wa njia wenye nyasi. Usibadilishe mahali katikati ya wiki kwa kuwa umechoka napo. Mabadiliko huyaona yule tu aliyepaona jana, na siku mbili za kwanza kwa kawaida utadhani hapana kitu.

Tenga dakika 3, na uzifunge kwenye jambo ambalo tayari unalifanya: maji yakiwa jikoni yanachemka, ukishafunga mlango kabla ya kuondoka, au ukisubiri gari. Ukisema "nikipata nafasi", wiki itaisha hujapata. Simu ibaki mfukoni. Si dhambi kupiga picha, ila mkono ukishika simu, jicho huanza kutafuta cha kuwaonyesha wengine, na kile kidogo kisichopendeza kwenye picha hutakiona tena.

Dakika ya kwanza akili itakuwa bado inakimbizana na kazi. Usigombane nayo, endelea tu kutazama. Dakika ya pili chagua kitu kimoja kisichozidi ukubwa wa kiganja: jani, ganda la mti, jiwe lenye kuvu, mdudu. Dakika ya tatu jiulize kimebadilika nini tangu jana, au kinafanya kazi gani hapo kilipo. Ndipo umwambie Mungu sentensi moja inayotokana na ulichokiona, kisha uende zako.

Mpangilio huo wa kutazama kwanza na kusema baadaye tunausisitiza kwa sababu sisi waamini tuna haraka ya fundisho. Tunaona ua, na kabla hatujajua lina petali ngapi tumeshasema maisha ni mafupi. Hapo tumesikia mahubiri yetu wenyewe tu. Mungu alipomjibu Ayubu kuanzia sura ya 38, alimpitisha kwenye theluji, mvua, kunguru, mbuzi wa milimani na mbuni, kimoja baada ya kingine, kwa maswali mengi mno. Hakuwa na haraka ya kuhitimisha.

Kama mahali pako pana nyasi na unapita mapema, inama uyaangalie matone. Asubuhi yanaweza kuwepo ya namna mbili, na watu wengi huyaita yote umande. Umande wenyewe hutanda juu ya jani zima kwa vitone vidogo vingi, na utaukuta pia juu ya mawe na vyuma. Hutokana na unyevu wa hewani unaogeuka kuwa maji kwenye kitu kilichopoa usiku. Ndiyo maana usiku wenye mawingu mazito au upepo asubuhi yake umande huwa haba: mawingu huizuia ardhi isipoe sana, na upepo huichanganya hewa ya chini na ya juu. Lakini ukiona tone moja kubwa, la mviringo, limesimama kwenye ncha ya kila jani la nyasi, au matone yaliyojipanga ukingoni mwa jani pana, hayo mara nyingi yametoka ndani ya mmea wenyewe. Usiku mizizi iliendelea kunywa kwenye udongo wenye unyevu, vitundu vya jani vinavyotoa mvuke vikiwa vimefungwa, na maji yaliyozidi yakasukumwa nje kupitia njia ndogo zilizoko ncha na kingo za jani. Jua likipanda hutayakuta, kwa hiyo anayetoka saa nne asitarajie kuyaona. Mmea ulikuwa kazini usiku kucha, wewe umelala, na aliyekuwa anauangalia hakulala wala kusinzia.

Kama una mmea ndani ya nyumba karibu na dirisha, tazama shina lake limeinamia wapi. Upande wa shina ulio gizani hurefuka zaidi kuliko ule unaopata mwanga, ndipo shina likapinda kuelekea nuruni. Ukigeuza chungu cha mmea nusu mzunguko Jumatatu, huenda kabla ya Jumapili ukaona majani machanga yameanza kurudi upande wa dirisha. Mashina yaliyokomaa na kuwa magumu huwa hayageuki, kwa hiyo angalia ncha changa.

Sisimizi ni wepesi kuwapata popote. Mithali 6 inatutuma kwao na kutuambia hawana akida wala msimamizi. Fuata mstari wao uone ulikoanzia na unakokwenda. Aliyepata chakula hurudi akiacha harufu njiani, wenzake huifuata na kuiongeza, na chakula kikiisha hakuna anayeiongeza, basi njia inafifia yenyewe. Pitisha kidole kwa wepesi kukata mstari huo, utawaona wakisita, wakizungukazunguka, kisha wakiunganisha tena. Wale wakali wanaouma waachie nafasi.

Kwa anayerudi nyumbani giza limeshaingia, kuna mwezi. Kwa wastani huchomoza kama dakika 50 baadaye kila siku, na kutoka mwandamo mmoja hadi mwingine ni takribani siku 29 na nusu. Mwezi mwandamo utafute upande wa magharibi mara jua linapotua. Ukichelewa, nao umeshatua. Mwezi mpevu huchomoza mashariki karibu na wakati jua linapozama. Wengi hukata tamaa kwa sababu walitoka saa ile ile ya jana wakaukosa, wakadhani ni mawingu, kumbe bado haujapanda. Na kama ni nyota unazitaka, macho huhitaji kama dakika 20 hadi 30 gizani ili yazoee, na kuitazama simu mara moja tu kunakurudisha nyuma.

Zaburi 104 ina mistari 35, yaani mistari 5 kwa siku kwa siku saba. Isome kabla ya zile dakika 3 au baada yake, vyovyote ratiba inavyoruhusu. Siku ya tano utafika kwenye mistari ya 21 hadi 25, na hapo nendeni polepole. Mwenye zaburi anawataja simba wanaonguruma usiku wakimwomba Mungu chakula chao, jua linachomoza nao wanakwenda kulala mapangoni, na mara hiyo hiyo mwanadamu anatoka kwenda kazini mpaka jioni. Kisha inakuja bahari na viumbe vyake visivyohesabika. Kazi yako ya kila siku imeandikwa pale katikati ya simba na bahari, ndani ya orodha ile ile ya matendo ya Bwana. Unapokimbilia kazini hutoki kwenye uumbaji ili uurudie mwisho wa wiki. Umo ndani yake, na aliyewapangia simba zamu ya usiku amekupangia wewe ya mchana.

Ukikosa siku moja, usilipe deni kwa kukaa dakika 6 kesho yake. Zoezi likianza kuwa na madeni limekuwa mzigo mwingine juu ya ile uliyokuwa nayo. Na kama wiki hii una msiba au hofu nzito, unaweza kutazama jani ukahisi si kitu kabisa. Tazama tu, bila kulazimisha furaha. Yesu alisema Baba huwalisha ndege hao. Hakusema tutajisikia vizuri kila tunapowatazama.

Wapo miongoni mwetu walio kitandani, wanaouguza, au wanaofanya kazi kwenye vyumba visivyo na dirisha. Kwao tunapendekeza punje mbili au tatu za maharage. Ziloweke usiku mmoja. Chukua glasi angavu, weka pamba ndani kuizunguka, penyeza punje kati ya pamba na kioo ili zionekane, kisha mwagia maji kidogo hadi pamba iwe na unyevunyevu. Kosa la kawaida ni kujaza maji: mbegu inahitaji hewa, ikizama inaoza na kutoa harufu. Kosa la pili ni kuiacha pamba ikauke hata kwa nusu siku baada ya mzizi kutoka, maana vinyweleo vya mzizi hufa upesi. Penye joto la kutosha, mzizi huonekana ndani ya siku chache. Ukishafika urefu wa kucha, laza glasi ubavu na uiache hadi kesho. Utakuta ncha ya mzizi imepinda kuelekea chini, hata kama glasi iko gizani. Soma Marko 4:26-29 siku hiyo, juu ya mtu aliyepanda, akalala na kuamka, na mbegu ikamea asivyojua yeye. Majani mawili ya kwanza yakishafunguka, akiba iliyokuwa ndani ya punje inakaribia kuisha, kwa hiyo mwombe mtu akusaidie kuuhamishia mche kwenye udongo na kuuweka penye mwanga.