Siku tofali lilipopasuka

2019 nilikuwa na gari, Toyota Altezza, niliinunua ikiwa imeshashushwa springi, bampa ya mbele vidole vinne tu toka chini, kila tuta la Dar nalipanda kiupande upande roho juu. Tabu kubwa ilikuwa kumwaga oili, jeki haiingii, so mimi na mdogo wangu tunapandisha tairi kwenye vipande vya ubao kwanza, ndo jeki, ndo tunaegesha juu ya tofali za saruji.

Jumapili moja dogo ndo kwanza katoka chini kufata spana namba 14, tukasikia paa! Tofali la kushoto limepasuka katikati, gari imekaa chini. Kandambili yake moja ilibaki kule, imelaliwa na sampu, lile bakuli la oili chini ya injini. Nilishindwa hata kuongea.

Nikampigia mjomba, seremala wa Keko miaka mingi. Hakutugombeza, aliuliza tu, "Anko, hii gari ina kilo ngapi?" Nikamwambia 1300 na ushee. Tukanunua mbao tatu za paini Buguruni, inchi mbili kwa kumi, futi 12, tutengeneze ngazi za kupandishia tairi za mbele. Mimi nilishachora ngazi fupi fupi, kila futi moja unapanda. Mjomba akapiga magoti na futi kamba, akasema, "Umepima tairi, pua hujaipima." Kweli bana, toka tairi linapokanyaga mpaka ncha ya bampa ni kama inchi 27, kwa ngazi zangu bampa ingegonga ngazi ya pili kabla tairi halijapanda ya kwanza. Akakata futi 7, futi 4 na nusu, futi 2, akazilaza moja juu ya nyingine, kila ngazi inchi 30, ncha kazichonga mshazari, mwisho kipande cha kuzuia tairi. Chini akapigilia mpira wa tairi kuukuu, maana Altezza inasukumwa na tairi za nyuma, ikianza kupanda inazisukuma mbao mbele.

Akasimama mbele yangu, viganja juu, njoo, njoo, taratibu. Mbao zililia kidogo, pua ikainuka, simama! Hendibreki, mawe tairi za nyuma. Akaisukuma gari na bega mara tatu, imetulia. Dogo akataka kuingia, mjomba akamshika mkono, akalala yeye kwanza, akakaa kule muda mrefu kweli, sisi kimya. Halafu tukasikia anagonga sampu kwa kidole.

"Leteni dumu."