Samaki Aliyepita Dodoma Kabla Yetu

Mwishoni mwa Agosti nilimpeleka mama yangu Dar es Salaam kwa jambo moja tu, nalo ni kula samaki wa bahari huku akiitazama bahari yenyewe. Mama ni mzaliwa wa Mpwapwa, muuguzi mstaafu aliyetumikia zahanati za mkoa wetu wa Dodoma kwa muda mrefu wa maisha yake, na safari zake zote za pwani zilikuwa za semina, akilala katika nyumba za wageni za Kariakoo ambako bahari ni habari ya kusimuliwa. Alipostaafu nilimuuliza anataka zawadi gani. Akajibu kwamba vitenge anavyo vya kutosha, ila hajawahi kuketi katika zile hoteli za ufukweni anazoziona kwenye televisheni, akahudumiwa kama mgeni wa maana.

Tuliondoka kwa treni ya umeme, tiketi ya daraja la kawaida shilingi 31,000 kwa kila mmoja, na baada ya takribani saa nne tulikuwa jijini. Naitaja bei hiyo kwa sababu itarudi baadaye. Mama alikuwa amebeba kikapu cha zabibu, maana kwetu zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka na huo ulikuwa msimu wa pili, na asingekubali kwenda ugenini mikono mitupu, hata kama mwenyeji ni hoteli.

Hoteli yenyewe sitaitaja. Iko upande wa Kunduchi, mahali ambapo ukiketi kwenye baraza la mgahawa unakiona kisiwa cha Mbudya kimelala mbele yako. Tulikaribishwa mezani saa moja na nusu jioni, mwezi mpevu ukiwa umeshachomoza, na maji yalikuwa karibu kiasi kwamba mama alivuta miguu yake chini ya kiti akidhani wimbi linalofuata litamfikia. Kitambaa cha meza kilikuwa cheupe, vikombe vya kioo vilikuwa vitatu kwa kila mtu, na uma ulikuwa na mwenzake mdogo ambaye kazi yake hatukuijua hadi mwisho. Upepo wa kusi ulikuwa umeanza kulegea, na hewa ile pekee, kwa mtu aliyetoka katika vumbi la Dodoma la mwezi wa nane, ilikuwa nusu ya chakula.

Menyu ilikuwa nzito kama Biblia ya familia. Bei ziliandikwa kwa shilingi, kama kanuni za mwaka 2025 zinavyotaka, ingawa tarakimu zake zilikuwa za ajabu ajabu na zilionyesha wazi kwamba hesabu ilianzia kwenye dola. Niliagiza kwa niaba yetu sote, nikijifanya mjuzi: minofu ya samaki iliyochomwa kwa siagi na ndimu, pamoja na viazi vilivyopondwa. Sahani moja ilikuwa shilingi 46,800, yaani zaidi ya nauli ya kutoka Dodoma. Tulisubiri saa nzima na robo. Katika muda huo kijana aliyetuhudumia alikuja mara nne kutuuliza kama kila kitu kinakwenda vizuri, na mara zote nne mama alimjibu kwamba hakuna kitu kilichokuja ili aweze kujua kinakwendaje.

Chakula kilipofika kilipendeza macho. Minofu miwili myeupe ilikuwa imelazwa juu ya viazi, ikapambwa kwa jani moja la kijani na mchuzi uliochorwa kwa matone pembeni mwa sahani. Mama aliitazama kwa muda mrefu bila kuigusa. Kwetu Dodoma samaki hununuliwa na kichwa chake: perege na kambale wa bwawa la Mtera wakiletwa sokoni, mama hufunua matamvua aone kama bado ni mekundu, hutazama jicho kama limezama, hubonyeza ubavu kwa kidole gumba, ndipo aanze kupatana bei. Sasa alikuwa amepewa samaki asiye na kichwa, mkia, ngozi wala mfupa, na aliona kwamba hawezi kumla kabla ya kujulishwa ni nani.

"Samahani mwanangu," alimwambia yule kijana, "huyu samaki ametoka hapa mbele?"

"Hapana mama. Huyo ni sangara."

"Sangara wa Mwanza?"

"Ndiyo mama. Huletwa akiwa amegandishwa."

Mama aliweka uma chini akacheka hadi meza ya jirani wakageuka. Kisha akaniambia, kwa sauti ya mtu aliyetatua kesi, kwamba samaki huyu alipita Dodoma sisi tukiwa tumelala.

Na alikuwa na haki. Barabara ya lori kutoka Mwanza huja kwa Shinyanga, Nzega, Singida na Manyoni, ikaingia Dodoma, ikaendelea Gairo na Morogoro hadi pwani. Malori yenye majokofu tunayoyaona yakipita usiku hubeba minofu kama hii. Sisi tulikuwa tumesafiri zaidi ya kilomita 450 kumfuata samaki ambaye alikatiza mjini kwetu, na tulimlipia kwa bei ya bahari. Sisemi kwamba sangara ni mbaya. Nyama yake ni laini, haina harufu kali, na mpishi alikuwa ameiheshimu kwa kutoikausha motoni. Lakini mtu aliyeketi umbali wa hatua ishirini kutoka Bahari ya Hindi ana haki ya kudhani kwamba neno "samaki" katika menyu lina uhusiano na maji anayoyaona.

Kulikuwa na jambo la pili lililoniuma zaidi, na hapa naomba nivumiliwe kama mtu wa Dodoma. Orodha ya mvinyo ilikuwa na kurasa tano, yenye mvinyo wa Afrika Kusini, Italia, Ufaransa na Chile, na hapakuwa na hata chupa moja ya Dodoma. Nilimuuliza mhudumu, akanijibu kwa adabu kwamba wageni hawauulizii. Mimi ni mgeni, na nilikuwa nauulizia. Samaki wa ziwani amepata njia ya kupita kwetu hadi ufukweni, na zabibu za Bihawana, Hombolo na Makutupora, zilizo jirani zaidi na barabara hiyo hiyo, hazikupata kiti katika lori. Mama, ambaye hanywi mvinyo, alitoa suluhisho lake: alifungua kikapu chini ya meza akaanza kula zabibu zake kimyakimya.

Kitindamlo nakipita. Kilikuwa kitamu na kidogo.

Kesho yake saa nne asubuhi mama aliniita barazani akiwa na mshangao, kwa kuwa bahari ilikuwa imeondoka. Palikuwa na bamvua, na maji yalikuwa yamekupwa hadi mbali, yakaacha mchanga mweupe, madimbwi na miamba myeusi, na juu ya miamba hiyo wanawake kadhaa walitembea wameinama, khanga zimefungwa kiunoni, wakichokoa matundu kwa vyuma vyenye ncha. Mmoja wao alivuta pweza, akampigapiga juu ya jiwe, akamtia kwenye ndoo. Upande mwingine ngalawa mbili zilikuwa zimeegama ubavu baada ya kutoka kuvua usiku. Mama alitazama yote hayo, kisha akageuka kuliangalia jiko la hoteli, na nikajua kwamba chakula cha mchana kimeshapata mwenyewe wa kukiagiza.

Siku hiyo tulihudumiwa na kijana mwingine, ambaye aliposikia lafudhi ya mama alimsalimu kwa Kigogo, "Mbukwenyi," na ikabainika kwamba ni wa kwetu, wa Mpwapwa. Baada ya shikamoo na marahaba, na baada ya kuulizana koo kwa muda ambao meza nyingine zilisubiri, mama aliisogeza menyu pembeni bila kuifungua, akamuuliza leo jikoni kumeingia nini. Kijana alicheka. Alisema wavuvi wameleta changu na kolekole alfajiri, na pweza ndiyo kwanza ameingia, lakini hawa hawaandikwi kwenye menyu kwa sababu bahari haitoi ahadi: kusi ikivuma ngalawa hazitoki, maji yasipokupwa sana pweza hapatikani, na hoteli inataka sahani ya leo ifanane na ya jana. Sangara wa kwenye jokofu yupo kila siku, hana mifupa ya kumtisha mgeni, na kila mnofu una uzito uleule. Maelezo hayo niliyaelewa. Hata hivyo sikuona ugumu wa kuweka ubao mdogo mlangoni wenye maneno manne ya chaki.

Tuliletewa changu mzima wa kupaka, aliyechanjwa ubavuni, akapakwa ndimu, tangawizi na kitunguu saumu, akachomwa kwa mkaa, kisha akapakwa tui zito tena na tena juu ya moto hadi likashika kama ngozi ya pili. Pweza alipikwa kwa nazi. Alichemshwa kwanza bila chumvi mpaka akalainika, ndipo likafuata tui jepesi, na tui zito mwishoni kabisa lisije likakatika. Wali wa nazi uliletwa katika bakuli moja, nasi tukanawa mikono tukala bila uma, na hakuna aliyetutazama vibaya. Mama alianza na kichwa cha changu. Alikifumua taratibu, akala shavu la kwanza, la pili akaniwekea mimi kama alivyokuwa akifanya nilipokuwa mdogo, halafu akakaa kimya kwa muda ambao kwake ni mrefu sana.

Bili ya mchana, pamoja na kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18, ilikuwa chini ya ile ya usiku kwa zaidi ya shilingi 30,000. Niliacha bahashishi mezani. Mama aliona haitoshi, akamkabidhi kijana wa Mpwapwa zabibu zote zilizobaki pamoja na kikapu chenyewe, akamwambia kwamba likizo yake ikifika apitie nyumbani, atamkaangia perege wa Mtera. "Mwenye kichwa," aliongeza. Kijana akainama kidogo, akasema atakuja mwezi wa kumi na mbili, na akauliza kama mlenda utakuwepo.